Dirisha la Dawa: Kopo la tangawizi lililomlaza mama mkwe

Sanduku la barua mwezi huu limenuka bangi. Sisemi kwa kebehi. Nimechagua barua sita, na hakuna hata moja inayouliza habari za kuvuta. Siku hizi mambo yamehamia kwenye kopo la soda, kwenye biskuti, kwenye ile pipi laini ya kutafuna ambayo huku wanaiita gami. Mimi ni mfamasia, mzaliwa wa Tanga, kaunta yangu iko Minneapolis na huu ni mwaka wa kumi na tatu nasimama nyuma yake. Sitahubiri. Waliokula wameshakula.

*Bi Mfamasia, shikamoo. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Morogoro mwezi wa sita kumwona mjukuu. Jumamosi moja tulikuwa na sherehe uani, kijana wetu mkubwa kamaliza sekondari. Rafiki mmoja wa mume wangu alikuja na vinywaji vyake, akavitia kwenye kasha la barafu pamoja na soda za watoto. Mama akachagua kopo lenye picha ya tangawizi na limau. Akanywa lote, akasema soda zenu hazina sukari, akafungua la pili, akalinywa nusu. Haikufika saa nzima akaanza kucheka peke yake. Halafu akanyamaza, akashika kifua, akasema moyo unamkimbia na miguu yake anaiona iko mbali. Tukajua ni presha, tukamkimbiza hospitali. Daktari alipouliza amekula nini ndipo mume wangu akakumbuka yale makopo. Alilala huko mpaka asubuhi, akaruhusiwa. Sasa hasemi na yule rafiki, na mimi kila siku ananiuliza mawili: alirogwa? Na swala zake je? — Niliyeaibika, Brooklyn Park, Minnesota*

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole nyingi. Mlifanya vizuri kumpeleka. Mtu wa umri wake akishika kifua, hakuna kukaa kubahatisha kama ni kopo au ni moyo.

Siku niliyosoma barua yako nilipitia duka la pombe nikitoka kazini, nikalitafuta kopo la namna hiyo. Sikuhangaika. Lilikuwa kwenye friji, rafu ya katikati, limepangwa na maji ya soda. Mbele kuna tangawizi iliyokatwa, kipande cha limau na rangi za kupendeza. Nikaligeuza. Nyuma, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, imeandikwa THC miligramu 10, na chini yake: vipimo viwili. THC ndicho kileo chenyewe cha bangi. Tangu Julai 2022 Minnesota inaruhusu vyakula na vinywaji vyenye THC ya hempu (mmea uleule wa bangi, nitaueleza kwenye barua ijayo), kisizidi miligramu 5 kwa kipimo kimoja, na kopo la kinywaji linaweza kubeba vipimo viwili. Sasa niambie, nani aliwahi kufungua kopo la soda, akanywa nusu, akalirudisha kwenye friji kwa ajili ya kesho? Aliyepanga hesabu hiyo hajawahi kuhudhuria sherehe ya Waswahili.

Kama makopo yenu yalikuwa ya 10 kama hilo nililolishika, mama alikunywa 15. Mtu mzima asiyezoea akiniuliza aanzie wapi, namwambia miligramu 2.5 na asiongeze siku hiyo. Mzee mwenye presha namwambia asianze kabisa. Hivyo mama alipigwa mara sita ya kile ambacho ningempa kijana mwenye afya zake, tena bila kujua, na kutojua ndiko kunakotia hofu zaidi. Anayejua amekunywa nini husema "imenipanda". Asiyejua husema "nakufa".

Kuhusu moyo kukimbia: THC huongeza mapigo ya moyo, na mtu akisimama ghafla presha inaweza kushuka akaona kiza akaanguka. Ndiyo maana aliyelewa bangi ya kunywa anakalishwa chini au analazwa ubavu. Asiachwe azurure uani, wala asipande ngazi kwenda kujilaza peke yake. Haogeshwi maji ya baridi. Maziwa, maji ya ndimu, kahawa nzito, vyote nimevisikia hapa kaunta na hakuna kinachoifuta. Iliyokwisha kuingia imeingia, inasubiriwa iishe. Chumba tulivu, maji kidogo kidogo, mtu mmoja wa kukaa naye anayeongea taratibu. Ila ukiona anazimia, anatapika huku hajitambui, anapata degedege, anapumua kwa shida au polepole kupita kawaida, kifua kinauma, au anaona mambo yasiyokuwepo na kutaka kutoka mbio, hapo piga 911. Na useme ukweli kuhusu kopo. Daktari akijua mapema hatapoteza muda kutafuta kiharusi.

Lakini ninachotaka watu wa nyumba yako wakishike ni habari ya saa. Bangi ya kuvuta hupanda ndani ya dakika chache, mtu akaona mwenyewe kwamba imetosha. Ya kula hupitia tumboni kwanza, ikaenda kwenye ini, na ini likaigeuza kuwa aina nyingine ambayo hupenya kwenye ubongo kwa urahisi zaidi. Biskuti au gami huchukua nusu saa mpaka saa mbili kabla hujahisi lolote. Kilele chake ni kati ya saa ya pili na ya nne, na inaweza kukaa saa sita, nane, kwa wengine hata kumi na mbili. Makopo ni jamii ya tatu. THC ni mafuta, na mafuta hayakubali maji, basi watengenezaji wanayapasua kuwa matone madogo mno ili yachanganyike. Matone hayo huingia mwilini upesi, wengi huyahisi ndani ya dakika 15 hadi 30. Mama alifungua kopo la pili wakati la kwanza lilikuwa bado linavua viatu mlangoni.

Kuna kisa ambacho kila mfamasia wa upande huu anakijua, na kwa sisi Waafrika kinauma zaidi. Machi 2014, miezi mitatu tu tangu Colorado ianze kuuza bangi madukani, kijana wa miaka 19 kutoka Congo-Brazzaville, mwanafunzi katika jimbo jirani la Wyoming, alikwenda Denver na wenzake wakati wa likizo. Wakanunua biskuti. Ilikuwa na miligramu 65, na muuzaji aliwaambia waikate vipande sita. Akala kipande kimoja. Baada ya nusu saa hivi mpaka saa moja hakuona kitu, akala yote iliyobaki. Saa mbili na nusu baadaye alikuwa hajitambui, mkali, anasema yasiyoeleweka, akaruka kutoka roshani ya ghorofa ya nne ya hoteli. Kilichomuua hakikuwa sumu kwa maana tunayoijua. Kilikuwa kile kipande cha pili. Baada ya hapo Colorado ilikaza kanuni za vipimo na lebo. Nakisimulia kwa sababu kila mtu anayekuja kwangu amelewa biskuti hunipa sentensi ileile: "Niliona haifanyi kitu, nikaongeza."

Sasa maswali ya mama. Hakurogwa. Kama amekaa na watu wa pwani mwulize kama analijua neno maajuni. Bibi yangu Pangani alikuwa nalo: ni ule mchanganyiko wa kulevya wa afyuni au bangi na sukari, uliokandwa ukawa kama halua. Hata neno bangi lenyewe limevuka bahari kutoka India, na huko mpaka leo wako wanaoinywa kwenye maziwa na viungo siku ya Holi. Kwa hiyo bangi ya kunywa si uzushi wa Wamarekani; wao wameitia tu kwenye kopo na kuichorea tangawizi. Kuhusu swala, dirisha langu ni la dawa, mpelekeni kwa shehe wenu. Ila nami nilisoma chuoni, kwa maana ya madrasa, na tulifundishwa kwamba matendo ni kwa nia, na nia ya mama ilikuwa soda.

Yule rafiki wa mume wako, sherehe ijayo, aje na kasha lake mwenyewe, na akae juu yake.

*Bi Mfamasia, mimi ni dereva wa lori, nina leseni ya CDL, nakaa Columbus, Ohio. Mgongo unaniua. Kituo cha mafuta wanauza kinywaji kimeandikwa hempu, halali nchi nzima. Muuzaji anasema hempu si bangi. Nikinywa usiku wa mapumziko nitafeli kipimo? Pia faili langu la uraia liko njiani. — Magurudumu Kumi na Nane*

Usinywe. Ningeweza kuishia hapo, lakini najua utamrudia yule muuzaji na hoja, basi chukua hoja.

Hempu ni mmea uleule wa bangi. (Kuna wanaoifasiri "katani". Mimi mtu wa Tanga katani kwangu ni mkonge, sikubali kuchanganyiwa.) Sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018 ilisema mmea wenye THC isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito wake ukiwa mkavu utaitwa hempu na utakuwa halali. Asilimia hiyo ni ndogo kwenye jani. Ipeleke kwenye kopo la kawaida lenye uzito wa gramu 355 hivi, utaona mchezo: asilimia 0.3 ya hapo ni zaidi ya miligramu elfu moja. Kopo la miligramu 10 linapita kwenye tundu hilo bila kugusa ukuta. Halali kwa asilimia, bangi kwa kichwa. Novemba 2025 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu cha kuziba tundu hilo, kila chombo kisizidi miligramu 0.4, kianze kazi baada ya mwaka. Kwa hiyo hata hilo neno "halali nchi nzima" lina tarehe yake ya kuisha.

Kipimo cha mkojo hakiulizi ulikunywa hempu au ulivuta msuba, wala hakipimi kama umelewa sasa. Kinatafuta mabaki ambayo ini limeyaacha, na THC kwa kuwa ni mafuta hujificha kwenye mafuta ya mwili ikatoka taratibu: siku kadhaa kwa aliyetumia mara moja, wiki kadhaa kwa anayetumia kila siku. Madereva wa CDL wanapimwa kwa kanuni za shirikisho, na Idara ya Uchukuzi imesema wazi kwamba ruhusa ya jimbo haikulindi, na kwamba "nilitumia CBD tu" (kile kijenzi kingine cha hempu kisicholevya) si utetezi. Ukifeli unaingizwa kwenye daftari la taifa la madereva, na tangu tarehe 18 Novemba 2024 jimbo linakushusha CDL mpaka umalize utaratibu wa kurudi. Lori limepaki, mkopo wa lori haujapaki.

Uraia: mwaka 2019 idara ya uhamiaji iliandika kwamba kutumia bangi, hata pale jimbo lilipoihalalisha, kunaweza kukunyima ile sifa ya tabia njema, kwa kuwa sheria ya shirikisho bado inaikataza. Kama umeshakunywa, usiende kwenye mahojiano kudanganya, kwani uongo pale ni kosa jingine kubwa zaidi. Muone wakili wa uhamiaji kwanza.

Na mgongo wako, dereva, unataka mtu wa viungo auangalie, na kiti kirekebishwe. Niandikie unakaaje kwenye kiti na unaendesha saa ngapi bila kushuka. Hilo nitalijibu kwa furaha.

*Hujambo Bi Mfamasia. Niko chuo, nakaa Kahawa Wendani, Nairobi. Roommate wangu alinunua kuki kwa mtu anayeleta na pikipiki. Alikula moja, mimi nikala robo. Mimi nilisinzia tu. Yeye alitapika, akalia usiku kucha akisema hawezi kupumua, ingawa alikuwa anapumua. Tuliogopa kwenda hospitali tusishikwe. Kuki moja ina nguvu ya bangi ngapi? — Robo Tu*

Hujambo binti. Swali lako la mwisho halina jibu, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Huku ninapokaa ningekwambia nipe lebo. Kuki ya Wendani haina lebo, haina kipimo, aliyeioka hajui na aliyeileta na pikipiki hajui zaidi. Jinsi inavyotengenezwa nyumbani, majani yanachemshwa kwenye siagi au mafuta, yakachujwa, siagi ikatiwa kwenye unga. Siagi haikusambaa sawasawa, basi katika sinia moja kuki ya pembeni inaweza kuwa unga mtupu na ya katikati ikabeba ya tatu. Hata kuki moja, robo yako na robo zake tatu si lazima zilingane. Ulibahatika robo yako.

Ngoja nikwambie langu, kwa vile nimeshakuwa mtu mzima wa kutosha kulisema. Mwaka 2015 nilikwenda harusini Aurora, Colorado. Shoga yangu alikuwa ameoka keki ya chokoleti ya namna hiyo, ya nyumbani. Mimi tayari mfamasia, nina cheti ukutani. Nikala nusu ya kipande saa mbili usiku. Saa tatu kasorobo nikasema hii ni keki tu, nikamalizia. Saa nne na robo nilikuwa sakafuni bafuni nimekumbatia beseni, nahesabu vigae, na kila nikifika kumi na moja nasahau. Nilikuwa na hakika kwamba nisipokumbuka kupumua sitapumua. Shoga yangu, Mungu ampe heri, hakunicheka. Aliandika kwenye karatasi: HUTAKUFA. ULIKULA KEKI. NI SAA TANO NA NUSU. Akaibandika mlangoni. Niliisoma mara nyingi, na kila nikiisoma ilikuwa bado saa tano na nusu. Saa nane usiku nikaweza kunywa chai.

Nakwambia hivyo kwa sababu alichopata mwenzako ndicho nilichopata: hofu kuu inayofanana kabisa na kukosa pumzi. Mara nyingi hupita yenyewe. Kinachosaidia ni mtu asiyekunywa wala kula, mwanga hafifu, muziki uzimwe, na kumwambia saa kila mara, kwa kuwa bangi ya kula inavuruga kipimo cha muda kabla ya kitu kingine chochote. Anayetapika alazwe ubavu, asilazwe chali. Na mtu asiongezewe pombe "imtulize". Pombe huongeza kiasi cha THC kinachopanda kwenye damu, ndiyo inayogeuza usiku mbaya kuwa ambulensi.

Lakini kuogopa hospitali kabisa, hapana. Ndiyo, Kenya bangi ni marufuku chini ya sheria ya 1994 na sheria haiulizi kama ulivuta au ulitafuna. Hata hivyo daktari wa zamu anachotaka kujua ni amekula nini na saa ngapi ili amtibu. Mwenzako akikosa kuamka ukimtikisa, midomo ikibadilika rangi, au akipata degedege, mbebeni, aibu mtaikuta kesho. Kuki ya mtu usiyemjua inaweza pia kuwa na vitu ambavyo si bangi, dawa za kutengenezwa kiwandani zinazofananishwa nayo, na hizo hazina usiku wa kusubiri.

Swali ambalo hukuuliza: kama ana mama au ndugu aliyewahi kuugua akili, ya kusikia sauti, mwambie hizi kuki aachane nazo moja kwa moja. Wenye damu hiyo zinaweza kuwafungulia mlango ambao haufungiki asubuhi.

*Dada, mke wangu ananyonyesha, mtoto wa kwanza ana miaka miwili na nusu. Usingizi wangu mbovu kwa sababu ya shifti, nimeanza gami za bangi za dukani, halali kabisa hapa Kanada. Naziweka kwenye droo ya kitanda. Mke wangu anasema nizitoe nyumbani, au nimpe na yeye moja alale. Nani yuko sahihi? — Baba Shifti, Mississauga*

Mkeo yuko sahihi kwenye nusu ya kwanza, na kwenye nusu ya pili amechoka tu, msamehe.

THC huingia kwenye maziwa, na kwa kuwa ni mafuta huchelewa kutoka. Imepimwa ikakutwa kwenye maziwa hata siku sita baada ya mama kutumia. Kukamua na kumwaga usiku mmoja hakusaidii kama kwa pombe. Ananyonyesha, asitumie. Akibeba mimba nyingine, vilevile.

Sasa droo. Kanada imekuwa makini: tangu vyakula vya bangi viruhusiwe mwaka 2019, pakiti nzima haizidi miligramu 10 na ufungaji wake hauna picha za kuvutia watoto. Lakini gami ikishatoka kwenye pakiti ni pipi. Inanukia embe. Mtoto wa miaka miwili na nusu ana kilo kumi na tatu hivi, na miligramu 10 kwake ni kama wewe ulimeza pakiti tano au sita. Marekani vituo vya sumu viliandikisha watoto chini ya miaka sita waliokula vyakula vya bangi 207 mwaka 2017. Mwaka 2021 wakawa 3,054. Wengi walikula nyumbani kwao. Dalili zake kwa mtoto hazifanani na za kwako: hachekicheki. Anasinzia saa ambayo si yake, anayumba kama aliyeamka usingizini, analegea, na wengine hupumua polepole mpaka wanawekewa mashine. Hakuna dawa ya kuifuta. Ukiwa na shaka tu, usingoje dalili, piga kituo cha sumu, kwa Kanada 1-844-764-7669, kwa Marekani 1-800-222-1222. Haamki au hapumui vizuri, ni 911.

Kisanduku cha kufunga kwa namba, juu kabatini, ndani ya pakiti yake ya asili. Na usizitafune mbele ya mtoto, anakutazama mdomo. Vilevile usiendeshe gari ukishaitafuna. Ukirudi shifti saa kumi na moja alfajiri ukala gami, saa mbili za asubuhi ndiyo kwanza iko kileleni, na hiyo ndiyo saa unayompeleka mtoto kliniki.

Kuhusu usingizi wenyewe, huenda gami inakulaza, nakubali. Wengi hurudi kwangu baada ya miezi michache wakisema moja haitoshi, na wakiiacha ghafla usingizi unakuwa mbovu kuliko mwanzo. Weka pazia zito, simu nje ya chumba, halafu mwambie daktari habari ya shifti.

*Mwanangu, mimi babu wa miaka 74, nakaa na binti yangu Kent, Washington. Magoti. Jirani Mzungu kanipa pipi zake, anasema hatumii tena vidonge. Mimi natumia warfarin, ile ya kuzuia damu isigande. Nijaribu? — Mzee wa Magoti*

Shikamoo babu. Usijaribu kabla ya kumwambia anayekupima damu. THC na CBD zote zinaweza kulizuia ini lisiiondoe warfarin kama ilivyozoea, warfarin ikarundikana, damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Utaanza kuona ufizi unatoka damu ukipiga mswaki, au michubuko usiyoikumbuka. Ongeza hapo kizunguzungu cha kusimama usiku kwenda msalani. Ukianguka na damu nyepesi hivyo, magoti hutayakumbuka tena. Kama umeshatafuna moja, mwambie binti yako leo akupigie simu kliniki wakupime mapema. Hakuna atakayekugombeza. Ile mirija yenu ya damu ndiyo wanayoijali, si siri zako na jirani. Na kwa magoti kuna dawa ya kupaka, muulize mfamasia wako iliyo salama kwa mtu wa warfarin.

*Bi Mfamasia, narudi Dar mwezi wa kumi na mbili kupitia Dubai. Kaka yangu ameniomba pipi za bangi "za Wazungu" na jozi ya viatu. Nikizitia kwenye chupa ya vitamini zitapita? — Msafiri, Minneapolis*

Mwenzangu, wewe ndiye utakayepita, kuelekea chumba cha nyuma. Kuzihamishia kwenye chupa ya vitamini ndiko kunakukosesha hata ule utetezi mdogo wa kwamba hukujua. Dubai walilegeza kidogo tangu 2022: msafiri akikutwa mara ya kwanza na chakula chenye THC, hunyang'anywa kikateketezwa. Huo ni mlango wa huruma kwa waliosahau, haukuwekwa kwa wanaoficha. Na Dar hakuna hata huo. Tanzania bangi ni dawa za kulevya iwe jani, mafuta, keki au pipi ya embe, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya haina mzaha nayo.

Mpelekee viatu. Kama anavaa namba 42, huku tafuta nane na nusu ya kiume, na umwambie akupimie mguu jioni, ukiwa umeshavimba kidogo.